Mafungu ya Sefu Kwenye Friza

Ruti, Mbarara. Ijumaa jioni, Novemba 1987. Mvua haijakatika tangu watu watoke msikitini.

Mimi ndiye mtu wa kwanza tangu dunia iumbwe kuyageuza maharage kuwa jiwe, na lile jiwe kuwa maharage tena. Wafalme wa Ankole walikuwa na ngoma zao, na ng'ombe wenye pembe za kugusa mawingu, sawa, nawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekunywa Jumamosi supu iliyopikwa Jumanne, ikiwa bado na ladha ya Jumanne.

Hilo nimeliandika kwanza ili atakayeliokota daftari hili ajue anashughulika na nani.

Shule niliiacha darasa la tano kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniacha. Hata hivyo madereva wote wa barabara ya Kabale wananiita Profesa. Wakisimamisha malori hapa, wanapiga kelele kabla hata ya kushuka: "Profesa! Hebu tufufulie maiti mmoja wa mbuzi!" Nami nafufua. Dakika chache tu, sahani inafuka moshi mbele yao, wao wanatikisa vichwa.

Leo sina hamu ya kujisifu, ila mkono umezoea. Acha ujisifu kidogo. Tutafika.

Hoteli ni ya Mama Sefu. Meza nne, benchi nane, jiko la mkaa nyuma, na stoo hii ninayolala juu ya magunia. Mama ni mjane. Mtoto wake ni mmoja tu, Sefu, askari. Alikuwa hapo Makenke, kambini, mama akisikia filimbi zao za asubuhi anajua mwanaye ameamka. Kisha wakampeleka kaskazini kwenye vita.

Friza ililetwa kabla ya Idi ya kuchinja. Mama aliinunua kwa mzungu mjenzi wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka iweke nyama na soda, basi. Ni mimi niliyeona mbali. Malori hayana saa. Dereva anafika wakati sufuria zimeoshwa, anakuta chai na mandazi ya jana, anatukana, anaondoka. Nikamwambia Mama: tupike mara moja, tugandishe, mtu akija tunapasha.

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe mtoto wa Nakivale, hata umeme umeujulia hapa kwangu."

Sasa angalia. Siri zangu naziandika hapa bila hofu kwa sababu wezi wa Ruti hawasomi. Chakula kipoe kabisa kwanza. Ukikitia kikiwa cha moto kinawapasha wenzake, na friza inahangaika kama mbuzi aliyefungwa juani. Kopo usilijaze, kwa sababu mchuzi ukiganda unavimba. Hilo nililijua siku chupa ya jemu ilipopasuka, tukamwaga maharage yote kwa sababu ya vioo. Sasa natumia makopo ya mafuta ya kupikia, yale yenye kifuniko. Wali unautoa jikoni ukiwa bado na kiini, utaivia mbele ya safari. Maharage yagande na supu yake. Matoke usijaribu, yanarudi meusi na yanateleza kama kambare. Viazi ulaya navyo vinakuwa kama sifongo. Kupasha ni rahisi: kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, usilikoroge kabla halijalainika, halafu kitunguu kibichi juu ili mtu asahau kuwa alikuwa anakula kitu cha wiki iliyopita.

Umeme ukikatika hatufungui. Tunaifunika friza kwa magunia na blanketi, inalala katikati ya stoo kama mtu mrefu aliyefunikwa. Mimi sipendi kuitazama ikiwa hivyo. Siogopi, nasema sipendi tu.

Mara moja nilibeba kopo la maharage mpaka Juru, kule kule Nakivale, kwa Bibi yangu aliyenilea. Nilifunga kwa matambara na gunia, nikapanda lori la mahindi, kisha baiskeli ya kukodi, na nilipofika katikati bado palikuwa na barafu. Kijiji kizima kilikuja! Watoto waliligonga kwa kijiti. Mzee mmoja alilinusa. Nilisimama hapo nikieleza kama waziri.

Bibi alizaliwa Kongo, na Kiswahili chake hakijawahi kuvuka mpaka. Alinyoosha kidole, akaligusa lile jiwe, akarudisha mkono haraka na kuupangusa kwenye kanga.

"Iko baridi sawa mukono ya mutu mwenye alikufa," akasema.

"Ni maharage, Bibi. Maharage yako mwenyewe, ya shamba lako."

"Nilibilima biko na uhai. Wewe ulibifanya nini?"

Wote walikula yalipopashwa. Yeye hakula. Nilimcheka njia nzima ya kurudi Mbarara, lakini tangu siku ile, nikitia mkono ndani ya friza, huwa nayakumbuka maneno yake kabla vidole havijafika chini.

Sasa niandike habari ya mafungu.

Mama Sefu, tangu mwanaye aende vitani, kila jioni alipakua sahani yake. Sahani ya Sefu. Pilau, au posho, yaani ugali, na mchuzi wa karanga, chochote tulichopika, anapakua kana kwamba yuko msalani anakuja sasa hivi. Anaifunika. Asubuhi anaipasha na kumpa mgeni wa kwanza atakayepita mlangoni: tanboi, yaani utingo wa lori, mwombaji, mtu anayesubiri gari la Nakivale. Hamuulizi jina wala dini. Anamwambia tu, "Kula, hiki ni cha mwanangu."

Maana yake aliwahi kunieleza. Mgeni akishibishwa kwa fungu la Sefu hapa, basi na Sefu huko ugenini atatokea mtu wa kumshibisha. Ndivyo alivyolelewa yeye, na mama yake kabla yake. Fungu la msafiri halilali ndani, linatoka.

Mimi naijua ladha yake. Asubuhi niliyofika Ruti kutoka Juru, nikiwa na shati moja na maneno mengi, mgeni wa kwanza mlangoni nilikuwa mimi. Nililamba sahani, nikauliza kama kuna kazi.

Na ni mimi, Profesa, niliyemwambia usiku wa ile Idi ya kuchinja: "Mama, hawa wapita njia wanamla Sefu wetu bure. Sefu akirudi utampa nini, salamu zao? Tugandishe mafungu yake. Akifika atakuta pilau ya Idi, biriani ya harusi ya jirani, kila kitu alichokikosa. Atakula miezi yake yote."

Mama alisita. Nilimwona. Alikuwa ameshika mwiko, akautazama kama umemwuliza swali. Kisha macho yake yakalainika, nikajua nimeshinda, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwona Sefu ameketi pale, anakula, anaomba aongezewe.

"Atafurahi?" akaniuliza.

"Atalia," nikamjibu.

Nilichora nyota kwa msumari kwenye kila kopo lake ili madereva wasije wakapewa kwa bahati mbaya. Upande wa kushoto wote wa friza ukawa wa nyota.

Salamu za Sefu zilikuwa zinakuja kwa askari wanaorudi Makenke. Leo huyu, wiki nyingine yule: mwanao mzima, anakusalimia, anataka soksi. Baada ya Idi zikapungua. Kisha hazikuja tena.

Wala sikuziunganisha hizo habari mbili. Nani angeziunganisha? Vita ni vita, friza ni friza.

Mama ndiye aliyeanza. Nilimkuta amelaza kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Jumatano hii aliniambia ndoto. Sefu ameketi pale meza ya dirishani, sahani iko mbele yake, nyeupe, tupu. Mama anampakulia na chakula kinafika sahanini kikiwa jiwe. Sefu anakigonga na kijiko. Tok, tok. Anamtazama mama yake.

"Unaota kwa sababu mota ya friza inagonga," nikamwambia. Ni kweli inagonga. Ikijizima inapiga tok, tok.

"Profesa, tumefanya nini?" Mama akasema. "Wote hawa waliopita mlangoni tangu Idi, na fungu la mwanangu limekaa humo ndani. Nani anamlisha huko?"

"Jeshi linamlisha, Mama. Jeshi lina majiko kuliko wewe."

Hakucheka. Alisema atangoja wiki hii tu. Isipofika habari njema yoyote, tutayatoa makopo yote, tutayapasha, atasimama barabarani agawe mpaka la mwisho.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Leo Mama alikwenda sala ya Ijumaa mjini, na baadaye alikuwa apite sokoni. Madereva walikuwa wamefagia sufuria zote. Nilikuwa nafuta meza nikiimba vibaya, ndipo lori la jeshi likasimama upande wa pili wa barabara, akashuka mtu mmoja. Mwembamba. Sare ilimning'inia kama iliyoanikwa. Koplo, alama zake begani.

"Wewe kijana. Mama ya Sefu iko wapi?"

"Ameenda kuswali, afande. Karibu ukae."

"Mimi naitwa Okelo. Mimi na Sefu tulikuwa pamoja." Akaketi meza ya dirishani. Ile ile. Nilitaka kumwambia ahame, nikajiona mjinga.

Kulikuwa na mayai. Ningeweza kumkaangia mayai. Lakini mtu ametoka kwa Sefu, anajua Sefu, na mimi nilitaka arudi akamwambie kuna kijana Ruti anafanya miujiza. Nikachukua kopo la nyota. Pilau ya Idi. Nikaitia kwenye maji ya moto, nikamletea ikifuka, na kachumbari pembeni.

Hakuuliza chochote kuhusu muujiza wangu. Alikula akiwa ameizungushia sahani mkono, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Akamaliza. Nikapasha la pili. La tatu aliliomba mwenyewe. Mwezi baada ya mwezi wa Sefu uliingia ndani ya yule mtu, na nilisimama nikimtazama.

"Hii ndiyo pilau," akasema hatimaye, akijifuta mdomo. Akacheka kidogo. "Hii Sefu alikuwa anatusumbua nayo kila siku. Anasema, kwetu kuna fungu yangu, mama yangu anapatia watu ya njia. Ndiyo maana sisi hapa hatuwezi kufa njaa. Sisi tunamcheka. Lakini kweli, wewe! Tukifika mahali, hata pabaya, kunatokea mama mzee fulani na viazi. Au mtoto na mahindi. Sefu anasema, mnaona? Mama amepakua."

Nilikaa. Sikuwa nimeambiwa nikae.

"Halafu ikakauka," akasema. "Hakuna mama mzee, hakuna nini. Watu wanafunga mlango. Rasheni haifiki. Tukala majani."

"Tangu lini, afande?"

Akafikiri. "Tangu ile Idi ya kuchinja. Nakumbuka kwa sababu Sefu aliswali peke yake chini ya mti, na siku ile tulikula vizuri. Ile ilikuwa ya mwisho."

Mvua ilikuwa imeanza. Ilipiga mabati, lakini chini yake niliisikia friza ikijizima kule stoo. Tok, tok.

Akaniambia yaliyobaki haraka, akitazama barabarani. Asubuhi moja Sefu alichukua bakuli lake la bati, akasema leo zamu yake kutafuta. Akaelekea kwenye nyumba zilizokuwa ng'ambo ya mto. Walimngoja. Wakatuma watu, hawakuona mtu wala bakuli. Kisha wakaamriwa kuhama.

"Mimi sisemi amekufa," Koplo Okelo akasema. "Hakuna mtu aliona mwili. Mimi nasema alienda tafuta chakula, hajarudi. Sasa wewe uko mtoto ya hapa, na mdomo yako ni kubwa, nimesikia. Ambia mama polepole. Mimi siwezi kuona macho yake, bwana. Nimekula chakula yake, siwezi."

Lori likapiga honi. Alisimama, akaweka kofia, akanishika bega kwa nguvu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nashukuru kwa hilo.

Nikabaki na makopo matatu matupu.

Mama aliingia ameloa, ana kikapu cha nyanya kichwani. Alisikia harufu kabla ya kuniona. Harufu ya pilau ya Idi, mwezi Novemba. Akatua kikapu, akaona nyota kwenye makopo, uso wake ukabadilika rangi.

"Nani amekula cha mwanangu?"

"Mgeni, Mama."

"Mgeni gani? Wewe mtoto, nani amekwambia ufungue?"

"Askari. Ametoka kaskazini. Rafiki wa Sefu."

Alishika ukingo wa meza. Katika maisha yangu sijawahi kutazamwa hivyo. Hata waliowahi kunipiga hawakunitazama hivyo. "Anasemaje? Profesa. Anasemaje?"

Mimi, mwenye maneno ya kumuuzia mzungu mvua! Maneno yote yalikuwapo, nimeyapanga vizuri tangu lori liondoke: Mama, kaa kwanza. Mama, hakuna aliyeona mwili. Nilifungua mdomo.

"Anasema Sefu anakusalimia sana," nikasema. "Anasema anakula vizuri. Kuna mama mmoja mzee huko, anampa viazi."

Mama alipiga kigelegele. Akaketi chini sakafuni na nguo zake mbichi, akalia, akacheka, akamshukuru Mungu, akanivuta kichwa akakibusu. Kisha akasema jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo nilipokuwa nadanganya.

"Nami nilikuwa nimekusudia kuyatoa yote kesho! Kumbe mtoto analishwa. Ulisema kweli, Profesa, ni mota tu. Basi yakae. Akija ayakute."

Akaingia jikoni na nguo zile zile. Amepika wali wa nazi na kuku, na nazi hapa Mbarara si kitu cha kuokota. Amepakua fungu la Sefu, kubwa kuliko la mtu yeyote. Amelipoza kivulini kama nilivyomfundisha. Amechora nyota mwenyewe. Kisha amelishusha ndani ya friza kwa mikono miwili na kufunga kifuniko taratibu, huku tanboi wa lori la Kabale amesimama pale mlangoni ameloa chapachapa, anauliza kama kuna chochote.

"Chai ipo," Mama alimwambia kwa furaha. "Na mandazi."

Nilimtazama yule tanboi akila mandazi ya jana.

Sasa niko hapa stoo, friza iko hatua chache kutoka miguuni mwangu, inanguruma. Watu wazima hawaamini kwamba sahani ya Ruti inaweza kufunga mlango wa mtu huko kaskazini. Mimi siamini. Nimeliandika ili nilione likiwa limeandikwa. Siamini. Lakini kama hakuna aliyeona mwili, basi kuna mtu huko ng'ambo ya mto na bakuli la bati, na jioni hii fungu lake limegandishwa kwa sababu ya uongo wangu.

Nitamwambia kesho? Nitamwambiaje kesho kitu nilichokigeuza leo kuwa kigelegele?

Nimejaribu kujiambia kuwa nilidanganya kwa huruma. Kwamba nilimhurumia mama wa watu ameloa na mvua. Ni maneno mazuri, ningemwambia mtu mwingine angeyaamini. Ukweli ni kwamba habari ya Sefu ningeweza kuitoa. Kilichonishinda ni swali ambalo lingefuata, neno moja tu: lini? Ningelazimika kusema tangu Idi. Mama angegeuka, angeitazama friza, halafu angenitazama mimi. Sikumhurumia. Niliogopa kutazamwa, nikaificha njaa ya mwanaye.